Anayekokota Ndiye Athibitishe

Mwaka 1376, katika enzi ya Mfalme Edward III, bunge la Uingereza lilipokea malalamiko kuhusu zana ya uvuvi ambayo ilikuwa imeanza kutumika miaka saba tu kabla ya hapo. Ulikuwa wavu mrefu wenye macho madogo, uliofungwa kwenye boriti na kukokotwa chini ya maji kwa uzito mkubwa, na walalamikaji walidai kuwa ulikuwa ukiharibu maua ya ardhi iliyo chini ya bahari pamoja na makinda ya chaza na kome ambayo samaki wakubwa huyategemea kwa chakula. Waliongeza jambo ambalo hunishangaza kila ninapolisoma, kwa kuwa lingeweza kuandikwa jana: samaki wadogo walionaswa walikuwa wengi mno hata wenye nyavu hawakujua wawafanyie nini, wakawa wanawanenepeshea nguruwe. Jibu walilopewa ni kwamba wateuliwe watu wenye ujuzi wakachunguze kama madai hayo ni ya kweli.

Zaidi ya miaka mia sita imepita, na mpangilio wa kesi bado ni uleule. Anayekokota huendelea kukokota, na anayelalamika ndiye hutumwa kutafuta ushahidi, tena ushahidi wa kitu ambacho kinazidi kufutika kadiri anavyochelewa kukitafuta. Maoni yangu ni kwamba mpangilio huu umepinduliwa miguu juu. Sakafu ya bahari ingepaswa kuhesabiwa kuwa imefungwa mpaka anayetaka kuikokota aonyeshe nini kipo pale chini na nini kitabaki baada ya yeye kupita.

Ili kuona kwa nini, inafaa kuitazama zana yenyewe kwa karibu. Nyuma ya meli hushuka waya mbili za chuma, na kila moja imeunganishwa na bamba zito mfano wa mlango, ambalo kwa meli kubwa hufikia uzito wa tani kadhaa. Meli inapovuta, nguvu ya maji huyasukuma mabamba hayo mawili yaachane na kuutanua mdomo wa wavu, huku kingo zake zikichimba mifereji na kutimua wingu la tope. Wingu hilo limekusudiwa: huwatisha samaki na kuwachunga kuelekea katikati, mahali wavu ulipo. Ukingo wa chini wa wavu hufungwa minyororo, au magurudumu ya mpira na chuma yanayouwezesha kuruka juu ya mawe, na tangu magurudumu hayo yaenee katika miaka ya 1980, sehemu nyingi za miamba ambazo zamani zilijilinda zenyewe kwa kuchana nyavu zimepoteza kinga hiyo. Tuchukue meli ambayo mabamba yake yameachana kwa mita 100, inayokwenda kilomita 6.5 kwa saa na kukokota kwa saa 4. Itakuwa imepita juu ya kilomita za mraba 2.6 za sakafu kwa mkokoto mmoja, na ikishamwaga mzigo wake sitahani hushusha wavu tena.

Kinachopitiwa hapo chini si tope tupu. Hata sehemu inayoonekana kama jangwa la matope huwa imechimbwa vishimo na minyoo, kaa na makombe, na vishimo hivyo ndivyo vinavyopitisha maji yenye oksijeni kuingia ndani ya mashapo. Juu yake husimama sifongo zinazochuja maji, matumbawe laini na viumbe vingine vilivyojishikiza, ambavyo kwa samaki mchanga ni kichaka cha kujifichia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017, uliokusanya matokeo ya majaribio mengi kutoka bahari mbalimbali, ulikadiria kuwa wavu wa kukokota wenye mabamba huingia ardhini kwa wastani wa sentimita 2.4 na huondoa asilimia 6 hivi ya wanyama wa sakafuni kila unapopita, wakati zana ya kuchimbua makombe kwa msukumo wa maji huingia sentimita 16 na kuondoa asilimia 41. Ilikadiriwa pia kuwa wanyama hao huhitaji kati ya miaka 1.9 na 6.4 ili kurudi karibu na wingi wao wa awali.

Asilimia 6 inaonekana ndogo, na watetezi wa nyavu hizi hupenda kuinukuu. Lakini ni wastani, na wastani huficha mambo mawili. La kwanza ni kwamba ziko sehemu zinazokokotwa mara nyingi ndani ya mwaka mmoja, kwa hiyo asilimia 6 hukatwa juu ya kilichobaki, kisha hukatwa tena kabla ya chochote kurudi. La pili, ambalo kwangu ndilo zito zaidi, ni kwamba wanyama hawapungui kwa usawa. Mnyoo anayeishi miezi michache na kuzaa haraka hurudi mapema. Sifongo, tumbawe na kombe wanaoishi miaka mingi ndio hutoweka kwanza, na pale walipotoweka mkokoto wa pili haupati tena cha kuvunja. Ndiyo maana mkokoto mmoja katika sehemu ambayo haijawahi kuguswa huweza kuleta hasara kubwa kuliko mikokoto kadhaa katika sehemu iliyozoea kukokotwa.

Anayesema kuwa ushahidi haupo ningemwomba amtazame kombe mmoja wa maji baridi ya kaskazini mwa Atlantiki, ambaye wanasayansi humwita Arctica islandica. Ganda lake hukua kwa pete, pete moja kila mwaka, kama shina la mti. Mmoja aliyetolewa katika maji ya Iceland mwaka 2006 alikutwa na umri wa miaka 507, maana yake alikuwa amezaliwa kabla ya karne ya kumi na sita kuanza (na alikufa mikononi mwa wanasayansi waliomtoa huko, jambo ambalo hujikumbusha kila ninapotaka kuwasifu kupita kiasi). Mnyororo wa wavu unapompiga kombe wa aina hii bila kumuua, ganda huvunjika ukingoni, chembe za mchanga huingia kwenye ufa, na mnyama huendelea kujenga ganda jipya juu yake. Kovu hubaki. Ukizihesabu pete kuanzia ukingoni hadi penye kovu, unaujua mwaka aliopigwa. Watafiti walifanya hivyo kwa makombe ya Bahari ya Kaskazini, na matokeo waliyoyachapisha mwaka 1994 yalionyesha kuwa makovu yalikuwa yameongezeka sambamba na kukua kwa nguvu za meli zilizokuwa zikikokota juu yao. Kombe alikuwa akiandika kumbukumbu ambayo hakuna ofisi ya uvuvi iliyomwagiza aiandike.

Bahati mbaya ni kwamba wengi wa mashahidi wa aina hiyo hawakubaki. Mwaka 1883 ilichapishwa ramani ya uvuvi wa Bahari ya Kaskazini ambayo ndani yake, katikati kabisa ya bahari hiyo, yamechorwa maeneo makubwa ya chaza yenye ukubwa wa maelfu mengi ya kilomita za mraba. Leo chaza hao hawapo tena. Magonjwa na uvunaji wa chaza wenyewe vilichangia, lakini nyavu na vyombo vya kukokotwa ndivyo vilivyosambaratisha yale matuta ya maganda ambayo chaza wachanga huhitaji ili kujishikiza. Mtaalamu anayepima leo madhara ya mkokoto katika sehemu hiyo hulinganisha tope lililokokotwa mwaka huu na tope lililokokotwa miaka kumi iliyopita, kisha huandika kuwa tofauti ni ndogo. Kipimo chake ni sahihi. Lililokosewa ni kuiita sehemu hiyo ya asili.

Katika mwaka huohuo wa 1883, Thomas Huxley, mwanasayansi aliyeheshimika sana, alisimama mbele ya maonyesho ya uvuvi mjini London na kutamka kuwa huenda uvuvi wote mkubwa wa baharini hauwezi kumalizika. Miaka ishirini kabla yake alikuwa mjumbe wa tume ya kifalme iliyosikiliza wavuvi wengi wakilalamikia nyavu za kukokota, na katika ripoti yake ya mwaka 1866 tume hiyo ikapendekeza vizuizi viondolewe, kwa kuwa walalamikaji hawakuweza kuthibitisha. Simlaumu Huxley kwa kutojua. Hakuwa na kamera ya kushusha vilindini wala takwimu za kuaminika. Namlaumu kwa kuamua kwamba, kwa kuwa hakuna anayejua, basi ruhusa itolewe. Meli za mvuke zilianza kuenea katika miaka hiyohiyo, na kila ongezeko la nguvu za injini lilipeleka wavu mbali zaidi na chini zaidi.

Huko chini zaidi ndiko hesabu ya miaka inapokuwa ya kutisha. Katika maji baridi yasiyofikiwa na mwanga huota matumbawe yanayokua kwa milimita chache tu kwa mwaka, na miamba waliyoijenga kaskazini mwa Ulaya ina umri wa maelfu ya miaka. Watafiti wa Norway walikadiria kuwa kati ya asilimia 30 na 50 ya miamba hiyo katika maji ya nchi yao ilikuwa tayari imeharibiwa au kuathiriwa na nyavu za kukokota, na sehemu ya taarifa zao ilitoka kwa wavuvi wa mishipi waliokuwa wakiona samaki wakipungua pale matumbawe yalipovunjwa. Norway ilipitisha kanuni za kuyalinda mwaka 1999. Kaskazini-magharibi mwa Scotland, vichuguu vya matumbawe vilivyopewa jina la Darwin Mounds viligunduliwa mwaka 1998, na vilipokaguliwa kwa kamera muda mfupi baadaye vilikuwa tayari vina alama za nyavu. Eneo hilo lilifungwa kwa dharura mwaka 2003. Kwa maneno mengine, tumbawe lilivunjwa kwanza, kisha likagunduliwa, kisha likalindwa. Wako pia samaki wa vilindi hivyo ambao huchukua miaka zaidi ya 20 kabla ya kuanza kuzaa na huweza kuishi zaidi ya miaka 100, na walivuliwa kwa kasi iliyofaa samaki wa miaka mitatu.

Sasa nitoe haki kwa upande wa pili, kwa sababu upande huo una hoja. Takriban robo ya samaki wote wanaovuliwa baharini duniani hutokana na nyavu za chini, na hicho ni chakula kingi. Sakafu nazo hazifanani: mchanga wa maji mafupi ambao hupinduliwa na dhoruba kila msimu umezoea misukosuko, na viumbe wake ni wale wanaostahimili kupinduliwa. Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2018, uliohusu maeneo 24 ya bahari zenye kina kisichozidi mita 1,000, ulionyesha kuwa asilimia 14 ya sakafu za maeneo hayo ndiyo iliyokuwa ikikokotwa. Katika baadhi ya bahari, kama zile zinazoizunguka Australia, kiwango kilikuwa chini ya asilimia 10, wakati katika bahari kadhaa za Ulaya kilizidi asilimia 50. Anayesema kuwa sakafu yote ya bahari imekwisha husema uongo, na uongo hauwasaidii matumbawe.

Lakini takwimu hiyo ya asilimia 14 naisoma tofauti na wanavyoisoma wenye meli. Ikiwa sehemu ndogo inatosha kuleta samaki wengi kiasi hicho, basi hakuna ulazima wa kuipanua. Watu wanaofananisha kazi hii na kulima, wakidai kuwa wavu hugeuza udongo na kuleta rutuba, husahau kuwa hata mkulima ana mipaka ya shamba na hapeleki jembe kila msitu anaouona kwa sababu tu trekta lake lina nguvu ya kufika. Zaidi ya hapo, mkulima hupanda.

Hapa pia niwaonye kidogo walio upande wangu. Mwaka 2021 ulichapishwa utafiti uliokadiria kuwa nyavu za kukokota hutibua kaboni iliyolala kwenye mashapo na kuzalisha ndani ya maji takriban tani bilioni 1.5 za hewa ukaa kwa mwaka, na mara moja takwimu hiyo ikageuzwa kuwa wimbo. Wataalamu wengine waliipinga kwa hoja nzito, wakisema kuwa sehemu kubwa ya kaboni inayotibuliwa hutua tena chini na kwamba makadirio yamepita kiasi. Kwamba mashapo hutibuliwa halina ubishi. Ni kiasi gani cha hewa hiyo hufika angani bado ni mjadala wa haki. Mtu anayeijenga kesi yake yote juu ya namba inayobishaniwa humpa mpinzani nafasi ya kuiangusha kesi nzima pamoja na namba hiyo, na kesi ya sakafu ya bahari haihitaji msaada huo.

Kwenye bahari kuu, nje ya mamlaka ya nchi yoyote, mzigo wa ushahidi ulianza kuhamishwa angalau kwenye karatasi. Azimio namba 61/105 la Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, la mwaka 2006, lilizitaka nchi zitathmini kwanza kama uvuvi wa chini utaleta madhara makubwa kwa mazingira dhaifu kama miamba ya matumbawe na milima ya chini ya bahari, na pale itakapoonekana kuwa utaleta, ama zidhibiti madhara hayo ama zisitoe ruhusa. Ni kanuni nzuri, na ningependa kila nchi iichukue kwa maji yake yenyewe. Jinsi ilivyotekelezwa ndiyo iliyonikatisha tamaa. Mashirika ya uvuvi ya kikanda yaliweka utaratibu wa kuhama: meli ikivuta kiasi fulani cha matumbawe au sifongo, inapaswa kutoa taarifa na kuondoka mahali hapo. Katika Atlantiki ya Kaskazini-Mashariki kiasi hicho kiliwahi kuwa kilo 60 za matumbawe hai na kilo 800 za sifongo kwa mkokoto mmoja, kabla ya kupunguzwa.

Hebu tuufikirie mkokoto huo. Matawi ya tumbawe hukatika kama kijiti kikavu, na vipande vyake vingi hupita kwenye macho ya wavu au hubaki chini vikiwa vimelala. Kinachofika sitahani, kikiwa kimebanwa katikati ya samaki na mawe ndani ya mfuko wa wavu, ni sehemu ndogo ya kilichovunjwa. Baharia huvichambua, huvipima, na chini ya kiwango hicho cha zamani, mizani ikisoma kilo 59 meli iliruhusiwa kugeuka na kupita palepale. Utaratibu huu humtaka tumbawe afe ndipo ajulikane kuwa alikuwepo, tena afe kwa wingi unaotosha kwenye mizani. Kamera iliyoshushwa kabla ya wavu ingetoa jibu hilohilo bila kuvunja kitu.

Maji ya ndani ya nchi nayo yana kichekesho chake, na hakiko mbali na maofisi yanayojivunia uhifadhi. Mwaka 2018 watafiti waliyapitia maeneo 727 yaliyotajwa rasmi kuwa hifadhi za bahari barani Ulaya wakakuta asilimia 59 yanakokotwa kibiashara, na kwamba nguvu ya ukokotaji kwa wastani ilikuwa kubwa zaidi ndani ya hifadhi kuliko nje yake. Sijui neno jingine la kuiita hifadhi ya namna hiyo isipokuwa rangi kwenye ramani.

Hata hivyo, mahali palipojaribiwa mpangilio wa kinyume, mambo hayakusimama. Mwaka 2016 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku nyavu za kukokota chini kwa kina kinachozidi mita 800, na kwa uvuvi wa vilindi ukazibana meli zibaki pale zilipokuwa zikivua kati ya mwaka 2009 na 2011. Atakayetaka kwenda sehemu mpya lazima kwanza ifanyiwe tathmini. Huko British Columbia, nchini Kanada, wenye meli za kukokota walikaa meza moja na wahifadhi na mwaka 2012 mipaka ya maeneo yao ikawekwa, pamoja na mgawo wa matumbawe na sifongo ambao meli haipaswi kuuzidi, huku kila safari ikifuatiliwa. Mfano huu naupenda zaidi kwa kuwa waliokubali kubanwa ni wavuvi wenyewe, na ulionyesha kuwa nahodha anayehesabiwa matumbawe yake hujifunza upesi njia ya kuyakwepa.

Inabaki hoja ya riziki, ambayo haistahili kupuuzwa. Watu wanaofanya kazi kwenye meli hizi si maadui wa bahari, na wengi wao hawana hisa katika meli wala sauti katika uamuzi wa mahali pa kushusha wavu. Lakini nikisikia kuwa kufunga eneo ni kuwanyima watu chakula, nakumbuka makadirio ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa ya mwaka 2019, kwamba karibu tani milioni 9.1 za samaki na viumbe wengine hutupwa baharini kila mwaka, na kwamba asilimia 46 ya kiasi hicho hutoka kwenye nyavu za kukokota chini. Hawa hawapati hata heshima ya kunenepesha nguruwe. Wapo pia wavuvi wa madema, mishipi na jarife ambao riziki yao imo katika sakafu ileile, na ambao hakuna anayewauliza kabla wavu haujapita juu ya mitego yao.

Katika ghuba ya Lyme, kusini mwa Uingereza, kilomita za mraba 206 zilifungiwa zana zote za kukokotwa mwaka 2008, huku wavuvi wa madema na wazamiaji wa makombe wakiruhusiwa kuendelea. Watafiti waliorudi na kamera mwaka hadi mwaka waliona matumbawe ya rangi ya waridi yenye umbo la pepeo la mkono, ambayo hukua polepole, yakianza kujitokeza tena juu ya mawe, na makombe yakiongezeka. Waliona pia kitu ambacho hakuna aliyekitarajia: viumbe vya miamba vilianza kuota kwenye sehemu za mchanga na kokoto katikati ya mawe, sehemu ambazo kwa miaka mingi ziliandikwa kwenye ramani kuwa hazina cha kulindwa.